Bure, Lakini Si Rahisi

Mazungumzo ya redio. Somo: Zaburi 48:12–14

Popote ulipo asubuhi hii, kama uko jikoni wawasha moto, au njiani waenda kazini, au kitandani huna nguvu ya kuamka, twakuomba ututegee sikio kwa muda mfupi. Kama una Biblia karibu, fungua Zaburi ya 48, mistari ya mwisho. Hapo mwimbaji awapa watu wa Yerusalemu agizo lililo geni kidogo. Hawaambii wafunge, wala hawaambii walete dhabihu. Awaambia watembee. Wauzunguke mji wao wenyewe, waihesabu minara yake, waziangalie ngome zake, ili wapate kuwasimulia watoto watakaozaliwa baadaye kwamba Mungu huyu ndiye Mungu wao milele.

Sasa, kwa nini mtu aagizwe kuuzunguka mji anaokaa? Je, haujui? Kumbe ndivyo tulivyo. Mgeni akishuka Mombasa leo, kesho amekwisha kuona mengi kuliko sisi tuliokaa miaka ishirini. Sisi twaijua njia ya kwenda kazini, njia ya kwenda sokoni na njia ya kwenda kanisani. Yaliyobaki twayapita tu. Leo twataka kukusimulia jinsi tulivyofunguliwa macho, sisi na rafiki yetu mmoja, na jinsi Neno la Mungu lilivyotukuta njiani.

Rafiki yetu huyu hatutamtaja jina. Tumekuwa majirani zake huko Tudor, kisiwani, kwa muda mrefu. Alikuja Mombasa kutoka bara akiwa kijana, akapata kazi ya ukarani katika kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini, akaoa, akapata watoto watatu. Kanisani alikuwa mtu wa kutegemewa. Yeye ndiye aliyepanga viti, na baada ya ibada yeye ndiye aliyeketi mezani kuhesabu sadaka. Basi siku moja, baada ya miaka 22 ya kazi, akapewa barua. Kazi imekwisha.

Miezi ya kwanza alijikaza. Halafu tukaona nafasi yake kanisani iko wazi Jumapili moja, Jumapili mbili, mwezi mzima. Tukamwendea nyumbani. Tulimkuta amekaa uani peke yake, na ndani ya nyumba tukaona kabati halipo, na meza haipo. Vilikuwa vimeuzwa. Tukamwuliza, "Ndugu, mbona hatukuoni kanisani?"

Alitutazama kwa muda, kisha akasema, "Ndugu yangu, nije na nini? Mimi niliyezoea kuhesabu sadaka za watu, ile sahani ikipita mbele yangu nifanye nini? Niinamishe kichwa nijifanye naomba?"

Tulikosa la kumjibu. Akaendelea kutuambia kwamba amekata shauri. Atarudi kwao bara mwisho wa mwezi, wala hatawaaga watu. Alisema mji huu ni wa wenye pesa, na kwamba hapa mtu akitoka mlangoni tu ameanza kulipa.

Tulipokuwa bado tumekaa, mtoto wake wa mwisho akarudi kutoka shule. Yuko gredi ya 6. Akatuamkia, kisha akamgeukia baba yake. "Baba, mwalimu ametuuliza swali. Kwa nini pale ng'ambo panaitwa Kengeleni?"

Baba akanyamaza. Miaka yote hiyo amepita pale kwa matatu, akisikia kondakta akiita, "Kengeleni! Kengeleni!", na hajapata kuuliza kengele yenyewe ni ipi. Mtoto akatugeukia sisi. Nasi, msikilizaji, tukaona haya, maana tulijua nusunusu tu, na nusu hiyo haikutosha kumwambia mtoto. Watu wazima wawili, tuliokaa mji mmoja zaidi ya miaka ishirini kila mmoja, hatukuweza kumjibu mtoto mmoja neno moja.

Ndipo ile Zaburi ilipotujia. Tukamwambia rafiki yetu, "Sawa, utahama. Lakini kabla hujahama tupe Jumamosi tatu. Tutatembea pamoja. Hatutapanda matatu wala tuktuk, wala hatutaingia mahali pa kulipa kiingilio. Tutaangalia yale tu ambayo mji huu humpa mtu bure."

Akacheka kicheko kisicho na furaha. "Bure? Mombasa?" Lakini akakubali.

Jumamosi ya kwanza tulishuka kwa miguu mpaka karibu na Mwembe Tayari, katika barabara ya Jomo Kenyatta, penye sanamu za askari. Tumezipita mara nyingi mno, lakini siku hiyo tulisimama. Zimewekwa kuwakumbuka Waafrika waliopigana na waliobeba mizigo katika Vita Kuu vya 1914 hadi 1918. Wapagazi wale waliandikishwa kwa maelfu, wengi bila hiari yao, wabebe vyakula na risasi kwa vichwa katika nchi isiyo na barabara. Makumi ya maelfu walikufa, wengi si kwa risasi bali kwa njaa na maradhi. Kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps, na vinywa vyetu vikalifanya jina hilo kuwa Kariakoo. Soko lile maarufu la Dar es Salaam lina jina lao, na mtaa wa Nairobi pia.

Rafiki yetu alisimama pale muda mrefu. Yeye ni mtu wa mizigo. Akasema, "Hawa walibeba kwa kichwa, mimi nilibeba kwa kalamu." Kisha akauliza, "Nani aliwalipa?" Hatukuwa na jibu, tukaendelea na safari. Lakini swali lile halikubaki Mwembe Tayari. Lilitufuata Jumamosi zote tatu.

Kutoka hapo tulikwenda mpaka barabara ya Nkrumah, penye Kanisa Kuu la Ukumbusho. Hilo si kanisa tunaloabudu kila Jumapili, na rafiki yetu alipofika mlangoni akasimama. Tukamwambia polepole, "Leo ni Jumamosi. Hakuna sahani." Akatutazama, akaingia.

Kanisa lile lilijengwa kati ya mwaka 1903 na 1905. Kuba lake na matao yake yafanana na majengo ya Pwani, na mgeni aweza kudhani ni msikiti. Lilijengwa kuwakumbuka waliotangulia, na mmoja wao ni Askofu James Hannington, aliyeuawa Busoga katika Oktoba 1885 kwa amri ya Kabaka Mwanga. Katika msafara ule alikuwako mtu mwingine ambaye twamsahau haraka, Mchungaji William Jones. Jones alikuwa Mwafrika aliyeokolewa utumwani akiwa mtoto, akasomeshwa huko Nasik katika Bara Hindi, akarudi Afrika, akapewa ushemasi na Hannington mwaka uleule wa 1885. Askofu alipouawa, Jones ndiye aliyewaongoza wapagazi waliobaki, akawarudisha Rabai mwanzoni mwa mwaka 1886. Waliingia na bendera yenye neno moja, Ikabodi, yaani utukufu umeondoka. Ni neno la 1 Samweli 4, siku sanduku la agano lilipotekwa.

Tulikaa katika viti vya nyuma karibu nusu saa. Hatukusema neno. Tulipotoka, rafiki yetu alikuwa amefuta macho.

Jumamosi ya pili tulikwenda Ngomeni. Ndani ya Fort Jesus kuna kiingilio, kwa hiyo tuliizunguka kwa nje, kama ile Zaburi isemavyo. Wareno waliijenga kuanzia 1593 mpaka 1596, kwa ramani ya Mtaliani Giovanni Battista Cairati, juu ya mwamba wa matumbawe. Ukisimama chini ya ukuta ule, shingo yauma kwa kutazama juu. Waliipa jina la Yesu, wakaweka na mizinga. Katika mwaka 1696 Waomani waliizingira, na vita vile vya kuzingira vilidumu karibu miaka mitatu. Walioingia ndani kujificha walikufa kwa maradhi na njaa, na mwisho wa 1698 ngome ikatwaliwa. Kutoka mwaka 1895 mpaka 1958 ilikuwa jela. Sasa ni makumbusho, na tangu 2011 imeandikwa katika urithi wa dunia.

Rafiki yetu aligusa lile jiwe, akasema, "Kwa hiyo ukuta wenye jina la Yesu haukuwaokoa."

Tukasema, "Jina likiandikwa ukutani tu haliokoi."

Kisha tukaingia Mji wa Kale. Na hapa, msikilizaji, yatupasa tuungame. Rafiki yetu katika miaka yote hiyo hakupata kupita ndani ya vichochoro vile. Nasi tulipita mara chache, tena mbiombio. Hakuna aliyetukataza. Tulijikataza wenyewe, tukisema moyoni, kule ni kwa wenyewe, ni kwa Waislamu, sisi tutafuata nini? Twasoma kila mwaka habari ya kumpenda jirani, na jirani yuko mwendo wa nusu saa kwa miguu.

Tulifuata Ndia Kuu. Ndia katika Kimvita ndiyo njia. Tuliona baraza za mawe ambazo watu hukaa jioni, roshani za mbao juu ya vichwa vyetu, na milango iliyochongwa maua na minyororo kwa patasi, mkono wa fundi ukionekana katika kila ua. Kuitazama ni bure. Hakuna anayesimama pale na tikiti. Tukafika kwenye Msikiti wa Mandhry, ambao husemwa ulijengwa mwaka 1570, wenye mnara mweupe uliochongoka kama koni. Karibu nao kuna kisima cha kale. Tukakumbuka kwamba msafiri Ibn Battuta, aliyepita Mombasa mwaka 1331, aliandika kwamba milangoni pa misikiti ya hapa palikuwa na visima, watu wakiosha miguu kabla ya kuingia. Kisima hakijichimbi. Kuna mtu aliyekata mwamba kwa jasho lake ili mpita njia apate maji bila kulipa.

Tulipokuwa tumesimama hivyo, mzee mmoja aliyekaa barazani akatuita. Tulimwamkia, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ndooni mukae. Jua kali hili."

Tulikaa. Mwuza kahawa alikuwa akipita na dele lake na vikombe vyake vidogo, na mzee akamwashiria. Tukaona rafiki yetu ameanza kutapatapa na mfuko wake, maana tulikuwa tumeweka akiba shilingi chache za kahawa. Mzee akamzuia mkono. "Mgeni halipi."

Rafiki yetu akasema, "Mzee, sisi si wageni. Tunakaa Tudor. Niko Mombasa mwaka wa ishirini na sita sasa."

Mzee akacheka, akampa kikombe. "Basi nyinyi si wageni. Ni majirani mulochelewa tu. Kunywani."

Kahawa ilikuwa chungu na nzuri. Mzee alituuliza habari za watoto na za kazi. Na rafiki yetu, ambaye hakupata kuwaambia watu wa kanisa lake mwenyewe, alimwambia mzee yule wazi kwamba hana kazi. Mzee hakumpa shauri wala hakumpa pole nyingi. Alimwambia tu kwamba yeye pia aliwahi kukaa miaka miwili bila kazi, bandari ya kale ilipoishiwa majahazi, na kwamba baraza hii hii ndiyo iliyomshika. Kisha akaagiza kikombe cha pili.

Tuliposhuka kuelekea maji, karibu na nyumba ya kale iitwayo Leven House, tulimsimulia rafiki yetu habari ambayo kila Mkristo wa Pwani yampasa kuijua. Mwaka 1844 alifika hapa Mombasa Mjerumani Johann Ludwig Krapf, aliyetumwa na chama cha misheni cha Kanisa la Uingereza, pamoja na mkewe Rosine. Sultani wa Zanzibar, Seyyid Said, alikuwa amempa barua ya kumtambulisha. Katika mwezi wa Juni mwaka huo Krapf alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Na aliyemsaidia alikuwa nani? Alikuwa kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali, Mwislamu.

Rafiki yetu akasimama. "Kwa hiyo habari ya uumbaji ilipoanza kuandikwa kwa Kiswahili chetu, ilisaidiwa na jirani Mwislamu?"

"Naam."

Akatazama nyuma, kule kichochoroni tulikotoka kunywa kahawa. "Nasi tumekuwa tukipita mbali."

Jumamosi ya tatu tulivuka Daraja la Nyali kwa miguu. Upepo ulikuwa mkali, na chini yetu maji yalikuwa ya kijani. Tulipofika ng'ambo tukaenda moja kwa moja mpaka Kengeleni, kulipa deni la mtoto.

Msikilizaji, jibu lenyewe ni hili. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873. Lakini majahazi ya watumwa yaliendelea kwenda kwa siri, na manowari za Kiingereza zikiyakamata. Watu waliookolewa watapelekwa wapi? Makwao ni mbali, na njiani wangekamatwa tena. Ndipo mwaka 1875 wamisheni wakaanzisha hapa kijiji cha watu waliowekwa huru, kikaitwa Freretown, kwa jina la Sir Bartle Frere aliyeupinga utumwa. Walimu na viongozi wengi wa kwanza walikuwa Waafrika wenzao waliotoka Nasik, wa kundi la William Jones. Na kengele? Ilikuwa ya kuwaonya. Wateka watumwa wakionekana, kengele yapigwa, watu wakimbilie usalama. Mahali pakabaki na jina hilo mpaka leo.

Tulisimama mbele ya mnara wa kengele, magari yakipiga honi, wachuuzi wakipita, makondakta wakiliita lile jina kama siku zote. Rafiki yetu akasema, "Mimi nilidhani ni jina la stendi." Halafu akasema, "Kuna watu walilala hapa usiku wakisikiliza kengele hii, na watoto wao mikononi."

Kutoka hapo tulitembea kuelekea baharini, mpaka kwenye kaburi la Rosine Krapf. Kumbuka, mumewe alianza kutafsiri Mwanzo mwezi wa Juni. Mwezi wa Julai Rosine akajifungua mtoto wa kike, na homa ikamshika. Alikufa tarehe 13 Julai 1844, na mtoto akafa siku chache baadaye. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa wa homa, hata kusimama ni shida. Wakazikwa huku bara, ng'ambo ya kisiwa. Katika miezi michache mtu huyo alipoteza nyumba yake yote. Aliwaandikia wenzake Ulaya kwamba sasa pwani hii ina kaburi moja la upweke la mtu wao, na wasilione kuwa mwisho, bali dalili kwamba kazi imeanza.

Naye hakurudi kwao. Alikaa Afrika ya Mashariki mpaka 1853, akaandika sarufi, akakusanya kamusi ya Kiswahili iliyochapishwa mwaka 1882, baada ya kufa kwake. Mwenzake Johannes Rebmann, aliyefika 1846, alikaa karibu miaka 29, akaondoka amekuwa kipofu. Katika miaka yote hiyo waliobatizwa walikuwa wachache mno. Kama mtu angewapimia kazi kwa hesabu, wangepewa barua kama rafiki yetu.

Kaburini hakuna tikiti. Tulikaa kivulini. Rafiki yetu alikuwa kimya muda mrefu, kisha akasema maneno ambayo hatujayasahau. "Jumamosi ya kwanza niliuliza nani aliwalipa. Nilikuwa nauliza vibaya. Hawa ndio waliolipa. Sisi ndio tuliopewa."

Msikilizaji mpendwa, hapo ndipo tulipotaka kukufikisha leo. Kwa Kiswahili chetu kitu kisicho na bei kubwa twakiita rahisi. Na mara nyingi twadhani kwamba kilicho bure ni rahisi zaidi, hakina thamani. Ndiyo maana hatukuviangalia vitu vile miaka yote. Lakini hebu vihesabu. Sanamu ile ya Mwembe Tayari ni bure kuitazama, lakini wapagazi waliilipia. Kisima ni bure, lakini mchimbaji alikilipia. Kengele ni bure kuisikia, lakini kuna mtu aliyetolewa katika jahazi na minyororo miguuni. Kikombe cha kahawa kilikuwa bure kwetu, lakini mzee alitoa shilingi mfukoni mwake. Habari Njema kwa lugha yetu tumeikuta tayari tulipozaliwa, lakini mama mmoja na mtoto wake wamelala ng'ambo ya maji.

Nabii Isaya, katika sura ya 55, awaita wenye kiu na wasio na fedha waje wachukue pasipo kulipa. Na Mtume Paulo, katika Warumi 3:24, asema kwamba twahesabiwa haki bure, kwa neema. Usiishie hapo. Huyohuyo Paulo, katika 1 Wakorintho 6:20, atukumbusha kwamba tulinunuliwa, na bei ikatolewa. Maneno hayo mawili hayapingani. Wokovu ni bure kwako, kwa sababu kuna Mmoja aliyelipa. Ni bure, lakini si rahisi. Gharama yake ni msalaba wa Bwana Yesu.

Kama ni hivyo, basi nani kati yetu huja kanisani na mikono iliyojaa? Yule anayetia noti katika sahani na yule asiye na kitu, wote wawili wamekuja kupokea. Rafiki yetu alidhani amefukuzwa mlangoni kwa sababu mikono ni mitupu. Kumbe mikono mitupu ndiyo mikono ya imani. Nasi tuliobaki kanisani yatupasa tujiulize, je, tumeipitisha ile sahani kwa namna ambayo maskini huona haya kuketi kati yetu? Hilo tuliulize katika kamati zetu, wala tusiliulize kwa haraka.

Labda wataka kujua yaliyompata rafiki yetu. Hatutakudanganya kwamba Jumatatu alipata kazi. Hakupata. Mpaka leo afanya vibarua vya kuandika hati za watu, na mkewe auza mahamri asubuhi. Meza haijarudi. Lakini Jumapili iliyofuata alikuja kanisani, akakaa nafasi yake. Sahani ilipofika kwake, hakuinamisha kichwa. Aliipokea kwa mikono miwili, akampa wa pili yake. Hivyo tu. Sisi tuliokuwa nyuma tuliona, tukamshukuru Mungu.

Hakuhama. Na Jumamosi moja tulimwona akivuka daraja na yule mtoto wake, amemshika mkono, akimwonyesha kwa kidole. Tulijua waenda Kengeleni. Hapo ile Zaburi ilikuwa imetimia mbele yetu: uzunguke mji, uihesabu minara, ukamsimulie mtoto.

Na wewe, msikilizaji, unakaa mji gani? Kama ni Mombasa, bado kuna mengi. Uko mnara wa Mbaraki wa mawe ya matumbawe. Kuna ufuo wa Lighthouse chini ya mibuyu, ambapo meli hupita karibu zikiingia Kilindini. Kuna feri ya Likoni, ambayo mwenda kwa miguu huvuka bila nauli. Kama unakaa Nairobi, au Kisumu, au kijiji kisicho na jina katika ramani, hapo pia kuna mti, au kisima, au kaburi, au mzee aliye barazani, na nyuma yake kuna mtu aliyelipa. Usiende peke yako. Mhubiri, katika sura ya 4, asema kwamba wawili ni afadhali kuliko mmoja, kwa maana mmoja akianguka yuko wa kumwinua. Labda jirani yako amekaa uani leo, na kabati limekwisha kuuzwa. Hana haja ya hotuba yako. Mgongee mlango, umwambie, "Ndugu, twende tukatembee."

Tuombe.

Ee Baba yetu wa mbinguni, tumekaa katika miji yetu kama watu waliofumba macho. Tumepokea mengi bila kuuliza ni nani aliyelipa. Utusamehe. Twakushukuru kwa waliotutangulia, waliobeba, waliochimba, waliolala katika makaburi ya upweke. Zaidi ya wote twakushukuru kwa Mwanao, aliyelipa tusichoweza kulipa. Wakumbuke leo wasio na kazi, na wale wanaoona haya kuja nyumbani kwako. Tufanye sisi kuwa majirani zao, hata kama tumechelewa. Twaomba katika jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Mpaka tutakapokutana tena, msikilizaji mpendwa, Bwana akulinde utokapo na uingiapo.